Skripti inayopokea data kupitia TCP, na vipimo vinavyokatika katikati

Wanaojifunza kuandika programu za mtandao hapa Lamu huniletea lalamiko ambalo sura yake hubadilika lakini kiini chake ni kile kile. Skripti ilifanya kazi bila tatizo kwenye kompyuta ya nyumbani. Ilipopelekwa mahali pa kazi, data ikaanza kufika vipande vipande, au kufika ikiwa imegandana, au kutofika kabisa. Karibu wote huulaumu mtandao, na kwa kuwa mtandao wa visiwani una siku zake za udhaifu, lawama hiyo huaminika upesi. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi mtandao hauna hatia. Itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapopelekeana data mtandaoni, huwa imetimiza ahadi yake yote. Skripti ndiyo iliyotegemea ahadi ambayo TCP haikuitoa kamwe.

Nitaeleza kwa kutumia skripti moja, iliyoandikwa na kijana wa mtaa wa Langoni anayesomea kompyuta. Mfanyabiashara wa samaki alimwomba amtengenezee mfumo wa kufuatilia joto la friza zake, na ombi hilo si dogo. Msimu wa kaskazi, mashua zinapofika kutoka Kizingitini na Faza zikiwa na samaki na kamba, friza hujaa hadi mfuniko hauwezi kufunga kwa urahisi. Viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinataka samaki aliyegandishwa akae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Friza ikipata moto usiku na asijue mtu, hasara humpata mvuvi, mwenye mashua, mchuuzi na mlaji kwa pamoja. Kwa hiyo kipimo kinachofika kikiwa kimeharibika si jambo la kupuuza kwa sababu tu aliyeandika programu bado anajifunza.

Kila friza ina kihisi joto kilichounganishwa na bodi ndogo ya ESP32 yenye Wi-Fi. Kila dakika bodi hupima joto na kutuma maandishi mafupi kama -18.2°C kwa kompyuta ya ofisini inayotumia Linux. Upande wa kupokea uliandikwa kwa Python, na sehemu yake kuu ilikuwa hivi:

```
s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_STREAM)
s.bind(("127.0.0.1", 5050))
s.listen()
muunganisho, anwani = s.accept()
while True:
    data = muunganisho.recv(1024)
    faili.write(data.decode() + "\n")
```

Mistari hii inasomeka vizuri na inafanana na mifano mingi inayotolewa kwa wanaoanza. Kasoro zake ni kadhaa, lakini hazina uzito sawa.

Ile ya kwanza huonekana mara moja: bodi inakataliwa kila inapojaribu kuunganishwa. Anwani 127.0.0.1 ni ya ndani ya mashine yenyewe, na soketi (mlango ambao programu hupitishia data ya mtandao) iliyofungamanishwa na anwani hiyo haipokei chochote kinachotoka nje, hata kama kinatoka chumba cha pili. Ukiendesha amri ya `ss -ltn` utaona wazi kwamba poti 5050 inasikiliza kwenye 127.0.0.1 peke yake. Ukiweka 0.0.0.0 badala yake, soketi itasikiliza kwenye anwani zote za IPv4 za kompyuta hiyo. Ikiwa bado inakataa, angalia ukuta wa moto wa kompyuta, kisha angalia kama ruta imewekwa izuie vifaa vya Wi-Fi visizungumze vyenyewe kwa vyenyewe. Basi, hapo hapana fumbo.

Fumbo huanza baada ya hapo, kwa sababu skripti sasa inaonekana imepona. Vipimo vinaingia kimoja kimoja, kila dakika mstari mmoja, na mwenye friza anafurahi. Kisha siku moja umeme wa upande wa ofisi unakatika kwa saa tatu, ruta inazimika, na bodi, ambayo ina betri yake, inaendelea kupima na kuhifadhi vipimo kwenye kumbukumbu yake. Kompyuta na ruta zinapowaka na skripti inapoanzishwa upya, bodi inatuma vipimo vyote 180 kwa mfululizo. Kijana alifungua faili akakuta mstari mmoja mrefu kupita kiasi, uliogandana vipimo vingi bila nafasi kati yake, ukiishia na -1, na mstari uliofuata ukianza na 8.2°C.

Alisema, "Maalim, mtandao umekula kipimo." Nilimwomba avihesabu. Hakuna kilichokuwa kimepotea hata kimoja.

Tuangalie kwa karibu. Kipimo -18.2°C kina alama saba machoni, lakini katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, kinachukua baiti nane, kwa kuwa alama ya nyuzi huandikwa kwa baiti mbili, 0xC2 na 0xB0. Amri ya `recv(1024)` inasema "nipe kilichopo, kisizidi baiti 1024". Vipimo 128 vya baiti nane vinatimiza 1024 kamili, kwa hiyo bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo data husubiri kusomwa, ikiwa imejaa vipimo vya aina hiyo tu, mkato huangukia baina ya kipimo na kipimo, na mwandishi wa skripti hudhani kwamba TCP inajua kipimo chake kinaishia wapi. Lakini mfuniko wa friza ulipofunguliwa ili kupakia samaki, kihisi kilisoma -9.8°C kwa dakika mbili. Kipimo hicho ni cha baiti saba. Vipimo viwili vya baiti saba na 126 vya baiti nane vinafanya baiti 1022, na nafasi mbili zilizobaki zikachukuliwa na mwanzo wa kipimo kinachofuata, yaani -1. Mabaki yake, 8.2°C, yakaja kwenye `recv` ya pili. Mtu anayesoma faili hilo ataamini kwamba friza ilifika nyuzi 8 juu ya sifuri, na kwa mujibu wa kipimo hicho samaki wote wangepaswa kutupwa.

Vingekuwa sita vya baiti saba, mambo yangekwenda vingine. Mkato ungepasua alama ya nyuzi yenyewe, baiti 0xC2 ikabaki upande mmoja na 0xB0 upande wa pili, na Python ingesimamisha skripti kwa kosa la UnicodeDecodeError, ikilalamikia baiti iliyo nafasi ya 1023. Hali hiyo ningeipenda zaidi kuliko ile iliyotokea. Programu inayoanguka hutafutiwa dawa siku hiyo hiyo. Programu inayoandika 8.2 mahali pa -18.2 inaweza kuaminiwa kwa miezi.

Sababu ya yote haya ni kwamba TCP haisafirishi ujumbe. Inasafirisha mtiririko wa baiti, na inachoahidi ni kwamba baiti zitakazofika zitafika kwa mpangilio ule ule, bila kurudiwa na bila pengo katikati. Ukimimina mitungi mitatu ya maji kwenye bomba, anayekinga upande wa pili hawezi kujua mtungi wa kwanza uliishia wapi. Vivyo hivyo, `send` tatu zinaweza kupokewa kwa `recv` moja, na `send` moja inaweza kupokewa kwa `recv` tano. Kiini cha mfumo endeshi hukusanya na kukata kadiri kinavyoona inafaa. Kwenye Ethaneti ya kawaida pakiti hubeba data ya TCP isiyozidi baiti 1460, na utaratibu uliopendekezwa na John Nagle mwaka 1984 huruhusu maandishi madogo madogo yakusanywe kwanza ili yasafiri pamoja.

Huu si uzembe wa waliobuni. Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha wazo lao la kuunganisha mitandao mwaka 1974, maelezo rasmi ya TCP yakatoka katika RFC 793, mojawapo ya hati zinazoeleza kanuni za intaneti, mwaka 1981, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ikahamia rasmi kwenye TCP/IP. Maelezo hayo yalipoandikwa upya katika RFC 9293 mwaka 2022, mtiririko wa baiti ulibaki vile vile. Itifaki isiyojua lolote kuhusu maana ya inachobeba ndiyo iliyoweza kubeba barua pepe, kurasa za wavuti, picha na vipimo vya friza bila kubadilishwa kwa ajili ya kila kimoja. Kazi ya kuweka mipaka ya ujumbe iliachiwa anayeandika programu, na hapo ndipo wanaoanza hawaambiwi.

Dawa mbili za uongo hupendekezwa sana, na ninazipinga zote. Moja ni kuongeza namba, 1024 iwe 4096 au 65536, jambo ambalo husogeza mkato mbali bila kuuondoa. Nyingine ni kuweka usingizi wa nusu sekunde baada ya kila kutuma, ili kila kipimo kisafiri peke yake. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hufanya kazi mezani na hushindwa pale mtandao unapolemewa, yaani wakati ambapo mwenye friza anaihitaji data kuliko wakati mwingine wowote.

Dawa ya kweli ni kukubaliana na upande wa kutuma kuhusu alama ya mwisho wa ujumbe. Kwa maandishi mafupi, alama nzuri ni mstari mpya, baiti 0x0A, kwa kuwa katika UTF-8 baiti hiyo haitokei kamwe ndani ya herufi yenye baiti nyingi. Bodi itume -18.2°C ikifuatwa na mstari mpya, kisha upande wa kupokea uhifadhi baiti kwenye bafa yake na kutoa mistari iliyokamilika tu:

```
def pokea(muunganisho):
    bafa = b""
    while True:
        kipande = muunganisho.recv(4096)
        if not kipande:
            break
        bafa += kipande
        while b"\n" in bafa:
            mstari, bafa = bafa.split(b"\n", 1)
            hifadhi(mstari.decode("utf-8"))
    if bafa:
        print("Kipimo kisichokamilika:", bafa)
```

Angalia kwamba kugeuza baiti kuwa maandishi kunafanyika baada ya mstari kukamilika, wala si mara tu kipande kinapofika. Mpangilio huo peke yake unaondoa kosa la alama ya nyuzi iliyopasuka. Angalia pia kitanzi cha ndani: ni `while`, si `if`, kwa kuwa kipande kimoja kinaweza kuleta mistari mia. Nimeona wengi wakiandika `if` na kuachwa nyuma na data yao wenyewe, kipimo kimoja kikitoka kwa kila kipande kinachoingia huku vingine vikirundikana kwenye bafa. Mabaki ya mwisho yasihifadhiwe kama kipimo hata yakifanana na kipimo. -1 nayo ilifanana. Kwa programu iliyo wazi kwa watu wa nje ningeongeza ukomo wa bafa, ili anayetuma bila kuweka mstari mpya asiimalize kumbukumbu ya kompyuta.

Mistari miwili ya `if not kipande` inastahili maelezo yake. `recv` ikirudisha baiti sifuri haimaanishi kwamba data imechelewa. Inamaanisha kwamba upande wa pili umefunga njia yake ya kutuma na hautaleta kitu tena. Skripti ya awali haikujua hilo, hivyo bodi ilipofunga muunganisho, kitanzi kilizunguka kwa kasi yote ya prosesa kikiandika mistari mitupu kwenye faili. Ukikuta skripti ya kupokea imelijaza faili kwa mistari mitupu na feni ya kompyuta inavuma, anza kutafuta hapo.

Hali iliyo kinyume chake ni ngumu zaidi kuigundua. Bodi ikizimika ghafla haipati nafasi ya kuaga. Hakuna pakiti ya kufunga inayotumwa, na kompyuta ya ofisini huendelea kuamini kwamba muunganisho uko hai. `recv` hukaa ikisubiri, na inaweza kusubiri siku nzima. TCP ina njia ya kuhakiki kama upande wa pili bado upo, lakini huwa haijawashwa mpaka uiwashe, na hata ukiiwasha, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7200 za ukimya kabla ya kuuliza. Sasa fikiria bodi imewaka tena na kuomba muunganisho mpya. Skripti iko ndani ya `recv` ya muunganisho uliokufa, haijarudi kwenye `accept`, na hata ingerudi, ile ya kwetu iliita `accept` mara moja tu. Hata hivyo bodi haikataliwi. Kiini cha mfumo endeshi hukamilisha hatua tatu za kufungua muunganisho chenyewe na kuuweka kwenye foleni, bodi inatuma vipimo vyake kwa furaha, na vipimo hivyo vinakaa kwenye bafa ambayo hakuna anayeisoma. Ukiangalia upande wa bodi, kila kitu ni kizima. Ukiangalia faili, hakuna jipya. Katika kisa kama hiki `ss -tn` husaidia sana: safu ya Recv-Q ikionyesha namba isiyorudi sifuri, data imefika kwenye mashine na programu ndiyo isiyoichukua.

Kwa kuwa bodi hutuma kila dakika, ukimya wa dakika tatu ni ushahidi wa kutosha kwamba muunganisho umekufa. `muunganisho.settimeout(180)` hufanya `recv` itoe kosa baada ya muda huo, na skripti hulidaka kosa, hufunga soketi na kuendelea. `accept` iwe ndani ya kitanzi chake, na kila muunganisho ukabidhiwe thredi yake, yaani mkondo wake wa utekelezaji ndani ya skripti, kwa sababu friza ni kadhaa na haifai friza moja iliyonyamaza izibe njia ya nyingine. Kwa vifaa vichache namna hii thredi zinatosha. Sioni haja ya kumwingiza mtu anayeanza kwenye `asyncio`, maktaba ya Python ya kuhudumia kazi nyingi kwa pamoja, kabla hajaelewa kwa nini baiti zake zilikatika.

Kuna kosa dogo ambalo huwaudhi watu bure. Ukisimamisha skripti na kuianzisha papo hapo, huambiwa kwamba anwani inatumika. Upande uliotangulia kufunga muunganisho hubaki katika hali ya TIME_WAIT, ambayo kwenye Linux huchukua sekunde 60, ili pakiti za zamani zilizochelewa zisichanganyike na muunganisho mpya. Weka chaguo la SO_REUSEADDR, linaloruhusu anwani itumike tena mara moja, kwenye soketi ya kusikiliza kabla ya `bind`, na usonge mbele.

Nilichosisitiza zaidi kwa kijana ni namna ya kupima. Jaribio la kutuma kipimo kimoja kutoka kompyuta ile ile halithibitishi chochote, kwani ndani ya mashine moja vipande vidogo karibu kila mara hufika vikiwa vizima. Lazima ukikate kipimo kwa makusudi:

```
(printf '%s' '-1'; sleep 1; printf '8.2°C\n') | nc 127.0.0.1 5050
```

Amri hii hutuma nusu ya kipimo, hupumzika sekunde moja, kisha hutuma nusu iliyobaki. Skripti ya awali huandika mistari isiyo na maana. Ile iliyorekebishwa huandika -18.2°C mara moja. Baada ya hapo tuma mistari mia tatu kwa mkupuo, halafu tuma nusu mstari na ukate muunganisho, halafu fungua muunganisho na unyamaze. Skripti iliyopita majaribio hayo ndiyo ningethubutu kuiacha ikilinda mali ya mtu usiku kucha.

Limebaki jambo moja ambalo hata skripti iliyorekebishwa hailitatui. `send` ikirudi bila kosa upande wa bodi, maana yake ni kwamba baiti zimeingia kwenye bafa ya bodi yenyewe, na pengine si zote, ndiyo sababu `sendall` ni salama zaidi. Haimaanishi kwamba kompyuta ya ofisini imezisoma, sembuse kuziandika kwenye diski. Muunganisho ukikatika wakati huo, kipimo kilichokuwa njiani kinapotea na bodi imeshakifuta. Uthibitisho wa TCP unahusu kiini cha mfumo endeshi wa upande wa pili, hauhusu programu yako. Kwa hiyo programu lazima zithibitishiane zenyewe. Tulikubaliana kila kipimo kiwe na namba yake, kwa mfano 412,-18.2°C, na kompyuta ikishakihifadhi kwenye diski irudishe mstari wenye 412. Bodi hufuta kipimo pale tu inapopata namba hiyo. Jibu likipotea, bodi itatuma 412 tena, na kompyuta, ikiona namba hiyo inayo tayari, itajibu bila kuandika mara ya pili. Namba ya mwisho iliyotumika huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya bodi, kwa sababu ikianza tena kutoka 1 kila inapowashwa, kompyuta itadhani vipimo vipya ni marudio ya vile vya zamani na kuvitupa vyote.